Maji Yakikupwa, Dawa Iwe Imeshavutwa

Msikilizaji wangu uliyepo Kibiti mjini, Bungu au Nyamisati, na wewe uliye ndani kabisa ya delta ya Rufiji, Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala, neno hili ni lenu. Mazungumzo yetu leo ni ya kifua, lakini naomba nianzie kwenye maji.

Mtu wa delta hafundishwi maana ya maji kupwa. Siku za bamvua, chombo kilichofunga gatini saa kumi alfajiri bahari imejaa, ikifika saa nne asubuhi kimelala ubavu juu ya tope, na mto uliokuwa mpana umebaki mfereji wa kuvuka kwa miguu. Uwe na fedha ya mafuta, uwe na injini mpya, nahodha awe ndugu yako wa tumbo moja, hapo huendi popote. Unakaa, unangoja maji. Mwenye kuumwa jino atangoja. Mwenye kidonda atangoja. Mwenye kifua kilichobana hawezi kungoja.

Hilo nimeliona kwa macho yangu. Shangazi yangu, dada yake baba, anaishi kwenye kisiwa kimoja huko chini. Nilikwenda kumtembelea, tukala, tukazungumza, tukalala. Saa nne usiku nikasikia sauti nikadhani mlango unakwaruza, kumbe ni pumzi yake. Nilimkuta ameketi kitandani, mikono ameikita magotini, mabega yanapanda na kushuka, mishipa ya shingo imesimama. Nikamuuliza, "Shangazi, vipi?" Akanijibu neno mojamoja: "Baba... kifua... kimefunga." Tukatoka na kurunzi kutazama mto. Tope tupu. Maji yalirudi kuibeba boti saa nane usiku imepita. Saa nne nzima tulikaa naye, mmoja amemwegemeza, mwingine anampepea kwa ungo, na hakuna aliyekuwa na la kusema.

Alipona, namshukuru Mungu. Kilichonitia uchungu ni nilichokiona asubuhi, muuguzi alipofungua kikapu cha shangazi. Mlikuwa na inhela mbili, vile vikopo vya kuvuta dawa ambavyo wengine huviita pampu ya pumu. Moja ya bluu, imechakaa, kifuniko kimepotea, na kwenye mdomo wake mmenasa chembe za mchanga na uzi wa khanga. Ya pili ya kahawia, mpya, imo bado ndani ya boksi lake. Miezi mitatu kabla aliandikiwa aivute kila siku asubuhi na jioni. Muuguzi alipomuuliza kwa nini hakuigusa, shangazi alijibu kwa unyofu wake wote: "Mwanangu, mimi nilikuwa sijambo. Dawa ya nini mtu hujambo?"

Swali hilo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo, maana sidhani kama ni la shangazi peke yake.

Tuelewane kwanza kuhusu ugonjwa. Yapo maradhi mawili yanayofanana sana kwa sauti. Pumu mara nyingi huanza utotoni. Njia za hewa hubana, kisha hufunguka, leo mtu mahututi, kesho anacheza mpira. La pili ni ugonjwa sugu wa mapafu, ule ambao kwenye daftari lako la kliniki huandikwa kwa herufi nne, COPD. Huu huja polepole, aghalabu kwa mtu aliyevuka miaka 40. Njia za hewa zimeharibika kwa moshi au vumbi la miaka mingi, na hazifunguki tena zikawa kama zamani. Mtu huanza kwa kikohozi cha asubuhi chenye makohozi, kisha anaona kupanda ngazi ya gati kunamchosha, kisha hata kufunga kilemba ni kazi. Shangazi anao huo wa pili, na hajawahi kushika sigara maishani mwake.

Aliupata wapi basi? Nenda ukasimame kwenye jiko lake. Paa la makuti limekuwa jeusi tii, linang'aa kama limepakwa lami. Chini mafiga matatu, juu chanja, na juu ya chanja samaki waliopangwa kichwa kwa mkia, kuni mbichi zinafuka siku nzima kwa sababu samaki wa kubanika anataka moshi, si moto. Ameifanya kazi hiyo tangu usichana wake, akamlea na kila mtoto wake mgongoni akiwa mle mle. Upande wa bara, Kibiti na Ikwiriri, kuna wanaume wanaochoma mkaa unaokwenda Dar es Salaam, wanalala kando ya tanuru wasije wakapoteza gunia. Mapafu hayaulizi moshi umetoka kwenye sigara au kwenye kuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 peke yake. Na hapa kwetu, utafiti wa kijijini uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la European Respiratory Journal uliwakuta watu wazima asilimia 17.5 wana ugonjwa huu wa COPD. Karibu mmoja katika kila sita! Wengi wao hawaujui kwa jina. Wanajua tu kwamba wana kifua.

Na kwa sababu ni kifua, wengi hudhaniwa wana kifua kikuu. Ni sawa kabisa kikohozi cha wiki mbili kikapimwa makohozi kwanza, na kipimo hicho ni bure. Lakini vipimo vikirudi safi, na kikohozi kipo, na pumzi inapungua, usikubali kurudishwa nyumbani na vidonge vya antibayotiki kwa mara ya tano. Uliza: je, hiki si kifua cha moshi? Kuna kipimo cha kupuliza ndani ya mashine kinachoonyesha nguvu ya pumzi. Hakipo kila mahali, lakini mganga akijua umeishi na moshi miaka mingapi, ana pa kuanzia.

Sasa nirudi kwenye vile vikopo viwili.

Kile cha bluu mara nyingi ni salbutamoli, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Ventolin. Hii ni dawa ya kufungua. Misuli iliyoizunguka njia ya hewa imekaza. Salbutamoli huilegeza, na ndani ya dakika chache mtu anapata nafuu. Nafuu hiyo hudumu saa nne hadi sita. Ni dawa nzuri na imeokoa watu wengi. Ila haigusi uvimbe. Ukuta wa ndani wa njia ya hewa umevimba na kutoa ute, na uvimbe huo unaendelea hata siku ambayo wewe unajiona mzima, unachekecha unga na kuimba.

Dawa ya kila siku ndiyo inayoukabili uvimbe na kuzishika njia za hewa zisifunge. Kwa mwenye pumu huwa ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi, peke yake au imechanganywa na dawa ya kufungua inayokaa muda mrefu, kama fomoteroli. Kwa mwenye COPD aghalabu huwa ni dawa ya kufungua ya muda mrefu, mojawapo tiotropiumu, na steroidi huongezwa kwa baadhi yao tu. Nayo steroidi ina tabia moja inayowakatisha watu tamaa: haitoi nafuu palepale. Huchukua siku, hata wiki, ndipo kazi yake ionekane. Mtu anaivuta leo, hasikii kitu, kesho anaivuta, hasikii kitu, keshokutwa anaitupa kikapuni na kusema haifanyi kazi. Wewe mkulima wa mpunga unajua kwamba tuta la shamba halijengwi siku mto ulipofurika. Linajengwa kiangazi, jua linawaka, maji yako mbali. Dawa ya kila siku huvutwa vivyo hivyo, siku ambayo hujambo. Shangazi, ukinisikiliza, hilo ndilo jibu la swali lako.

Tena kuegemea kikopo cha bluu peke yake ni hatari, na hili si neno langu. Tangu mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, GINA, limeshauri kwamba mtu mzima mwenye pumu asitibiwe kwa salbutamoli peke yake bila steroidi ya kuvuta. Kopo moja lina pulizo 200. Mwenye pumu anayemaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya. Anayemaliza 12, yaani moja kila mwezi, hatari yake ya kufa imepanda. Kwa hiyo ukiona la bluu linakwisha upesi, usione umepata dawa inayokufaa. Hiyo ni dalili ya kurudi kwa mganga. Na rangi zisikudanganye: viwanda hutofautiana, kuna za zambarau, nyekundu, kijani. Soma jina, au mwombe mtu akusomee, kisha uziwekee alama yako mwenyewe. Shangazi sasa hivi amefunga uzi mwekundu kwenye ile ya kila siku, na hata gizani anaipapasa akaijua.

Nije kwenye kuvuta kwenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo dawa nyingi hupotelea.

Nilimwomba shangazi anionyeshe anavyovuta. Akaiweka mdomoni, akabonyeza, na ukungu mweupe ukatoka puani na pembeni mwa midomo kama mvuke wa birika. Alikuwa ameipuliza ile dawa kwenye ulimi. Huko haitibu kitu. Inamezwa, inakwenda tumboni. Njia ya hewa haikupata hata tone. Kwa miaka miwili alikuwa anakunywa inhela yake, naye akidhani anaivuta.

Ile ya gesi, ya kubonyeza, inakwenda hivi. Ketisha mgongo wima au simama. Toa kifuniko, chungulia mdomoni mwake uone hakuna mchanga wala mdudu. Tikisa vizuri. Ikiwa ni mpya, au imekaa siku nyingi bila kutumika, puliza mara kadhaa hewani kwanza, kama karatasi yake inavyoelekeza. Kisha toa pumzi, itoke yote, taratibu, mpaka useme sasa basi. Weka mdomo wa inhela kati ya meno, ufunge midomo vizuri. Anza kuvuta pumzi polepole, na wakati huohuo unapoanza kuvuta, bonyeza mara moja. Endelea kuvuta polepole mpaka kifua kijae. Itoe inhela, ziba mdomo, shika pumzi uhesabu mpaka kumi. Halafu achia. Kama umeandikiwa pulizo mbili, ngoja nusu dakika hadi dakika moja, tikisa tena, ndipo urudie. Usibonyeze mara mbili kwa mkupuo, dawa haiingii mara mbili.

Kuoanisha kubonyeza na kuvuta si rahisi, hasa kwa mzee, kwa mtoto, au kwa aliyekwisha kubanwa. Dawa ya tatizo hilo ni spesa, chombo cha plastiki chenye uwazi ambacho inhela huchomekwa nyuma yake na wewe unavuta kwa mbele. Unabonyeza mara moja, ukungu unakaa mle ndani, nawe unapumua kwa utulivu mara nne hadi sita. Huna spesa? Mwaka 1999 madaktari wa Afrika Kusini walichapisha utafiti katika jarida la Lancet walioufanya kwa watoto waliobanwa na pumu. Walichukua chupa ya plastiki ya nusu lita, wakatoboa kitakoni tundu la kuchomeka inhela, wakaziba pembeni, mtoto akapumua kwa upande wa shingo ya chupa. Ikafanya kazi sawa na spesa ya dukani. Chupa za maji za nusu lita zimejaa kila gati la delta. Mwombe muuguzi au tabibu akutengenezee, tundu likae barabara kwenye umbo la inhela yako, hewa isivuje. Ioshe kwa maji na sabuni, iache ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa, maana kusugua plastiki huifanya ivute dawa ikagandie ukutani badala ya kukufikia.

Inhela za unga ni habari nyingine kabisa. Hizo hazina gesi. Nguvu inayopeleka unga mapafuni ni pumzi yako. Kwa hiyo unavuta kwa kasi na kwa nguvu, si polepole. Ukishaitegesha dozi usiitikise, na usipulizie pumzi ndani yake, kwa kuwa unyevu wa mdomo unaufanya unga ugande. Unyevu wa delta nao ni adui wake. Iweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Na kuna zile zinazokuja na vidonge vya ganda, unaweka kidonge kwenye kifaa, unakitoboa, unavuta unga. Watu wamekuwa wakivimeza vile vidonge! Vinafanana na vya kumeza, na kama hukuelezwa, utajuaje? Kidonge cha kuvuta hakimezwi. Ikiwa dawa yenyewe ni tiotropiumu, unga wake usiingie machoni, na mwenye presha ya jicho au mzee mwenye tezi dume anayepata tabu kukojoa amwambie mganga kabla ya kuanza.

Baada ya kuvuta dawa yenye steroidi, sukutua. Chukua maji, sukutua mdomo, gogomoa kooni, tema. Usimeze. Usipofanya hivyo, mabaki ya dawa huotesha fangasi, ule utando mweupe kwenye ulimi, na sauti inakauka. Wapo walioacha dawa kwa sababu ya utando huo, kumbe kikombe kimoja cha maji kingemaliza habari. Ukiivuta kabla ya kupiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, hutasahau hata siku moja.

Najua neno steroidi linatisha. Watu wamewaona waliovimba uso kwa vidonge vya steroidi walivyonunua dukani na kumeza miezi bila usimamizi, na hofu hiyo ina msingi. Basi tupige hesabu. Pulizo moja la salbutamoli lina mikrogramu 100. Kidonge kimoja cha salbutamoli cha miligramu 4 kina mikrogramu 4,000, sawa na pulizo 40, na ndiyo maana ukikimeza mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio. Steroidi nayo ni hivyo: kidonge cha prednisoloni cha miligramu 5 ni mikrogramu 5,000 zinazozunguka mwili mzima, wakati pulizo la beklometasoni mara nyingi ni mikrogramu 100 zinazokwenda pale penye ugonjwa. Sikwambii kwamba haina madhara. Kwa wenye COPD, steroidi ya kuvuta huongeza uwezekano wa kupata nimonia, ndiyo sababu si kila mmoja wao hupewa, na ndiyo sababu homa na makohozi yaliyobadilika rangi hayangojwi nyumbani. Lakini kuikimbia dawa ya kuvuta na kukimbilia vidonge vya kila siku ni kuikimbia mvua na kuingia mtoni.

Mweleze mganga dawa zako zote, hata za presha na matone ya macho. Propranololi, na baadhi ya matone ya presha ya jicho, yanaweza kumfunga kifua mwenye pumu. Wapo pia ambao aspirini au diklofenaki huwabana. Na dawa ya kila siku usiiache ghafla, wala usimwazime jirani, hata kama mnakohoa sauti moja.

Kuhifadhi. Jua letu mnalijua. Inhela ya gesi inataka chini ya nyuzi 30, na kopo lake likipata joto la kupita 50 linaweza kupasuka. Basi isiachwe juu ya paa la boti, isiwekwe karibu na mafiga, na likiisha lisitupwe motoni. Ndani ya nyumba, chini kando ya mtungi wa maji ndipo mahali penye ubaridi. Iweke hapo kando, si ndani ya maji. Msimu wa kuhamia mashambani kulinda ndege, ipande nawe dunguni, ndani ya mfuko usiopitisha maji, kifuniko kimefungwa. Kifuniko kisidharauliwe: kilichoingia kwenye mdomo wa inhela, iwe sarafu au mdudu, kitavutwa pamoja na dawa. Kwenye pindo la khanga penye sarafu na ufunguo si mahali pake.

Utajuaje imekwisha? Nyingine zina namba zinazopungua. Zisizo na namba zina hila, kwa sababu gesi huendelea kutoka hata dawa ikishakwisha, unasikia pss, ukungu unauona, nawe unavuta hewa tupu. Lile jaribio la kuiweka majini uone kama inaelea halitegemeki. Hesabu ndiyo njia. Pulizo 200, ukivuta mbili asubuhi na mbili jioni, ni siku 50. Chukua kalamu ya wino, andika juu ya kopo tarehe uliyoanza na tarehe ya siku ya 50. Wiki mbili kabla ya tarehe ya pili, panga safari ya kwenda kuchukua nyingine, ukiangalia na mwezi, ili maji yakufae.

Na masika yakikaribia, uwe nayo ya akiba. Hatujasahau Aprili 2024, mto Rufiji ulipotapika juu ya mashamba na nyumba wilayani Rufiji na Kibiti, watu wakatolewa kwa mitumbwi. Mtu anayehama usiku na watoto na gunia la mpunga hakumbuki kikopo kilichopo dirishani. Kiwekwe pamoja na daftari la kliniki na kadi ya bima, mahali pamoja, mfuko mmoja.

Kuna swali la Ramadhani, ninaulizwa kila mwaka. Masheikh wametofautiana: wapo wanaosema kuvuta dawa hii hakufunguzi kwa kuwa si chakula wala kinywaji, na wapo wanaosema kunafunguza. Sina elimu ya kuamua kati yao. Muulize sheikh wako. Ninachoweza kukwambia ni kwamba dawa ya mara mbili kwa siku, mganga akiridhia, inaweza kuvutwa wakati wa daku na baada ya kufuturu, na hapo ugomvi umekwisha. Ama ukibanwa mchana, vuta dawa yako ya kufungua. Qur'ani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Na siku ikibana licha ya yote? Keti wima, usilale. Inhela ya kufungua kwa spesa, pulizo moja moja, pumzi nne hadi sita kwa kila moja, pulizo nne mpaka kumi. Ukiona bado, rudia baada ya dakika 20, huku wenzako wanaandaa chombo na wanaipigia simu zahanati. Ile ya kahawia ya kila siku haina msaada saa hiyo, isipokuwa kama dawa yako ni mchanganyiko wa budesonidi na fomoteroli na mganga alikuelekeza kuitumia kote kuwili. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi, ambaye midomo na ulimi vimebadilika rangi, au anayeanza kusinzia huku anahangaika kupumua, huyo apelekwe hospitali, Mchukwi au Kibiti, kwa lolote litakalowezekana. Msimpe moshi wa kufukiza. Tafadhali, msimpe moshi.

Juu ya kuni sitasema mengi, kwa sababu shangazi hawezi kuacha samaki kwa hotuba yangu. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mtungi wa gesi ukimfikia mtu wa Kiongoroni kwa bei anayoiweza, tutashukuru. Kabla ya hapo, tulichofanya sisi ni kuhamishia chanja nje, upande ambao upepo unatoka nyumbani kwenda mtoni, na shangazi anageuza samaki kisha anaondoka, hakai tena juu ya moshi. Vijana wa nyumbani wamechukua zamu ya kukoka moto.

Nina ombi kwa wanaopanga dawa. Budesonidi na fomoteroli kwa pamoja zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2017, na tiotropiumu tangu 2019. Kaulimbiu ya Siku ya Pumu Duniani mwaka 2025 ilikuwa dawa za kuvuta ziwafikie wote. Wote ni pamoja na zahanati ambayo boti huifikia maji yakijaa tu. Kama kuna mahali dawa ya kila siku inapaswa kuwapo rafuni bila kukosa, ni mahali ambapo gari la wagonjwa haliwezi kufika.

Na ombi langu kwako, msikilizaji mwenye inhela. Safari yako ijayo ya zahanati, iwe wiki hii au maji ya bamvua yajayo, ichukue inhela yenyewe mkononi, usichukue daftari peke yake. Ukifika kwa muuguzi usimwambie nimeishiwa dawa. Mwambie: "Dada, nitazame ninavyovuta, unirekebishe." Kisha vuta mbele yake. Haichukui dakika tano.